Happyness Maduhu (2005–2025) na Dawa Iliyokuwa Bado

Wazee wameniomba iandikwe kwamba Happyness alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Haitaandikwa hivyo. Alifariki kwa sababu baba yake mdogo, Gervas, alimtoa hospitali akampa magome ya mti, akatuambia ni dawa iliyothibitishwa, na alijua kwamba haijathibitishwa. Mimi Suzana, mama yake, sikusoma. Nimesema, na mdogo wake Recho ameandika kama nilivyosema, naye ndiye anayesoma.

Happyness alizaliwa tarehe 14 Machi 2005 hapa Nyakahura, Biharamulo, mtoto wa kwanza wa marehemu Maduhu na mimi. Tulikuwa tumehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wetu mwaka uliotangulia, na nyumba ilikuwa haijaezekwa upande mmoja. Mvua ilinyesha usiku ule, baba yake akasimama ameshika turubai juu yetu hadi asubuhi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 2012, akamaliza la saba mwaka 2018. Baba yake alikuwa ameshafariki, na tangu hapo mwenye kauli nyumbani kwetu alikuwa Gervas. Sekondari hakwenda. Mwaka 2019 alijifunza ushonaji Biharamulo mjini, akarudi na kuweka cherehani kando ya barabara, pale sokoni.

Wanawake walimfuata hadi kutoka Keza kwa sababu ya mfuko. Kila gauni aliloshona alilitia mfuko wa ndani, hata kama mwenyewe hakuomba. Siku moja mteja alimwambia, "Mimi sina cha kuweka humo." Happyness akamjibu, "Utapata, dada. Mwanamke asiye na mfuko ni mgeni hata ndani ya gauni lake." Soko zima lilicheka.

Mwaka 2024 alichumbiwa na Ferdinand, Mhangaza wa Bugarama, wilaya ya Ngara. Ndoa ilipangwa ifungwe baada ya mavuno. Haikufungwa.

Mwezi Juni mwaka huohuo goti la kulia lilianza kumuuma. Tulidhani ni kukanyaga cherehani kutwa. Zahanati walimpa vidonge. Goti likavimba. Oktoba tulifika hospitali kubwa Mwanza, wakachukua kipande cha mfupa wakakipima. Daktari alituambia kwamba ni saratani ya mfupa, ila haijasambaa. Atapewa dawa za mshipa, kisha mguu utakatwa juu ya goti, na akiwahi anaweza kupona. Happyness aliuliza kama cherehani inaweza kukanyagwa kwa mguu mmoja. Daktari alisema inaweza.

Gervas akaja. Alisema mbele ya kitanda, "Msichana wa mguu mmoja atatolewa ng'ombe wa mahari na nani?"

Ferdinand alikuwepo. "Baba, mimi sioi mguu. Namwoa Happyness."

"Wewe Mhangaza, mambo ya ng'ombe wetu huyajui. Nyamaza."

Kisha akatoa habari yake. Alikuwa amewaongoza watafiti wa dawa za miti msituni upande wa Keza, akawabebea magunia ya magome. Alisema wamegundua kwamba mti ule unaua saratani ya mifupa, imethibitishwa na wasomi, na mguu utabaki. Jina la mti sitalitaja hapa, mtu mwingine asije akachemsha. Tukarudi nyumbani.

Simwiti Gervas mchawi. Alimpenda mtoto. Kila asubuhi alichemsha mwenyewe, akapoza, akamshikia kikombe. Kwetu dawa haishukuriwi. Ukisema asante inapoteza nguvu. Kwa hiyo Happyness alikunywa uchungu ule na kunyamaza, miezi minne.

Machi 2025 mmoja wa watafiti wale, Anneth, alirudi kutafuta magome mengine. Alisikia kuna mgonjwa, akaja. Alipoona mguu alikaa chini.

"Kaka Gervas, mimi nilikuambia nini?"

Gervas akachukua kikombe cha dawa, akaanza kukitoa nje.

"Nilikuambia magome yameua chembe za saratani kwenye kichupa cha maabara. Kwa mtu bado. Hata kwa panya bado."

Gervas akasema, "Dada, ningewaambia bado, nani angekunywa?"

Happyness alikuwa amelala mkekani. Akageuza kichwa. "Kumbe panya ni mimi, baba mdogo?" Akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi.

Kikohozi kile kilikuwa mapafu. Tulirudi Mwanza, daktari yuleyule akasema saratani imeshafika huko, kukata mguu hakutasaidia tena. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 17 Agosti 2025, akiwa na miaka ishirini. Tunamzika na miguu yote miwili. Ng'ombe hawakuja.

Ameacha mama, wadogo zake Recho na Ndassa, na Ferdinand, ambaye hakuwahi kuwa mume lakini amechimba kaburi hili kwa mikono yake.

Anneth amesema utafiti unaendelea, na huenda siku moja dawa ya kweli itatoka kwenye magome yale. Ikitoka, iwafae wengine. Mimi haitanirudishia mtu.

Lakini Esperansia kutoka Keza yupo hapa leo. Mwanawe wa kiume amevimba goti, naye anachemsha magome aliyopewa na Gervas. Nilimwambia aache, ampeleke mtoto hospitali. Alinijibu, "Mama Happyness, ni uchungu wako tu. Mbona Gervas mwenyewe hajasema hivyo?"

Ni kweli, hajasema.

Happyness, mwanangu, lala, goti haliumi tena. Deni lililobaki si lako. Ni la Gervas, na anayelidai ni mama yule aliyesimama pale. Gervas amwambie kwa mdomo wake kwamba aliambiwa bado, naye akaficha. Amwambie sasa, kabla udongo haujarudishwa.