Nilimuuliza Aliyenijibu, "Wewe Umejuaje?"

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu wa kikundi. Mwenyekiti kaniambia niseme kwa ufupi. Nitajaribu, lakini mwenye furaha maneno yake hayana breki, mnivumilie.

Mimi nimeolewa Delta, visiwani, kule ambako maji yakitoka mashua inakaa juu ya tope, na wewe unashuka kwa miguu. Mwanangu wa kwanza nilimzalia nyumbani, maana uchungu ulinikuta maji ya bahari yametoka, mashua haiendi. Akaja na afya yake, analia vizuri. Mkunga akampokea, akamgeuza, akanionyesha miguu. Nyayo zote mbili zilikuwa zimekunjika kwa ndani, unyayo unatazamana na unyayo.

Ndugu zangu, maneno niliyasikia. Huyu anauliza nilikula nini nikiwa na mimba, yule anauliza nilimcheka nani. Nikachoka. Nikawa namfunga mtoto khanga kutoka kiunoni hadi vidoleni. Nesi wa chanjo alipokuja kisiwani nilimfunulia paja tu, chini sikufunua.

Mume wangu alikuwa na simu kubwa. Kuna mtandao mmoja, sitautaja, kazi yake ni maswali na majibu: yeyote anauliza, yeyote anajibu, na jibu linalopendwa na wengi linapanda juu. Nikaona, huku hakuna anayenijua. Nikaandika: "Mwanangu amezaliwa nyayo zimepinda. Atatembea?"

Majibu yakamiminika. Lililokaa juu kabisa, la bwana mmoja, lenye laiki kupita yote, lilisema: "Usiogope dada. Mkande kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, akianza kusimama zitanyooka zenyewe." Hilo "usiogope" ndilo lililonishika. Tangu azaliwe, hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Basi mama mkwe akuna nazi, apika mafuta, mimi nakanda. Mtoto akang'aa mwili mzima, lakini nyayo ziko palepale.

Siku moja mama mkwe akanitazama nikikanda, akaniuliza, "Mwanangu, huyo bwana wa kwenye simu, wake alimkanda muda gani?"

"Wake nani, mama?"

"Mtoto wake. Si ana mtoto wa namna hii? Kama hana, amejuaje?"

Nikachukua simu. Nikamwandikia yule bwana: "Kaka, samahani, wewe umejuaje? Una mtoto aliyezaliwa hivi?" Akajibu upesi, tena kwa adabu: "Hapana dada, mimi sina hata mke. Nililiona jibu hilo mahali, nikaona zuri."

Mama zangu, msicheke! Haya, chekeni. Mimi mwenyewe siku ile nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakawa machozi kweli. Na wale wote waliompa laiki, walipenda maneno matamu tu, kama mimi.

Ndipo nikashuka, jibu moja baada ya jingine, mpaka la chini kabisa, halina laiki hata moja. Mwanamke kaandika: "Wangu alizaliwa hivyo, akafungwa plasta hospitali, sasa anatembea. Lakini mimi si daktari. Mpeleke wamwone wenyewe, na usichelewe."

Nikamsomea mama mkwe. Akasema, "Huyu ndiye. Anajua pa kuishia. Funga mizigo."

Hospitali ya Kibiti wakatuandikia rufaa, tukafika kwa daktari wa mifupa. Akaifungua khanga, akazishika zile nyayo, akatabasamu. "Mama, huu tunauita mguu kifundo. Mmewahi, viungo bado laini. Tutanyoosha kidogo kidogo."

"Atatembea?"

"Atatembea, na viatu atavipasua."

Akafungwa plasta mpaka mapajani. Kila wiki inafunguliwa, miguu inanyooshwa kidogo, inafungwa nyingine. Na plasta haitaki maji! Sisi watu wa Delta! Mngetuona tukishuka kwenye tope: mama mkwe kambeba mjukuu juu ya kichwa kama sinia la pilau, miguu imevikwa mifuko ya nailoni, anapiga kelele, "Pisheni, pisheni, msirushe maji!" Wanaume wazima wanapisha. Baada ya plasta vikaja viatu vya kulalia, vimeunganishwa kwa kipande cha chuma. Watu wakasema mtoto katiwa pingu. Nikawaambia, subirini.

Siku aliyosimama, alishika khanga ya bibi yake. Nyayo mbili chini, bapa, vidole vimetazama mbele. Kisha akaachia. Bibi akapiga kigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi.

Nilirudi kwenye ule mtandao. Sikugombana na mtu. Niliandika yaliyotupata sisi, nisiyoyajua nikayaacha. Yule kaka akafuta jibu lake, akaniandikia, "Dada nisamehe, na hongera." Nilimsamehe, alinitakia mema.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, daktari na manesi, mama mkwe wangu aliyetota ili mjukuu asitote, na yule mwanamke nisiyemjua hata jina. Na nawaambia, kwenye simu mna watu wema wengi, lakini huruma si ujuzi, na wengi wakikosea pamoja bado wamekosea. Ukipewa jibu, muulize mwenyewe amejuaje. Na ukiulizwa usilolijua, sema sijui. Mtu mmoja angeniambia hivyo mapema, ningewahi zaidi hospitali.

Nilikuwa na mengine, lakini namwona binti yangu, yuleyule wa plasta, pale nje ya dirisha, anakimbizana na wenzake, na sasa wanaelekea barabarani. Mwenyekiti, naomba ruhusa nikamkamate. Na mwenye mbio kunishinda, tafadhali anisaidie!