Kimani na Mstari Mtupu wa Kombe la Olkeri

Abednego Kimani Ndirangu alizaliwa tarehe 3 Mei 1974 huko Limuru, Kenya, mtoto wa tatu wa Mzee Ndirangu na Mama Felisia. Alisoma hadi darasa la nane. Mwaka 1993 aliajiriwa kutunza farasi katika uwanja wa mbio wa Olkeri, nje ya Nairobi.

Hapo alilipenda Kombe la Olkeri, mbio za kila mwaka za farasi wa asili safi wenye miaka mitatu. Aliandika historia yake katika daftari: lilianza mwaka 1956 kwa farasi watano wa walowezi, mpandaji Mwafrika alishinda kwa mara ya kwanza mwaka 1968, na kanuni moja haikubadilika kamwe, farasi asizidi miaka mitatu, umri wake uthibitishwe kwa meno. Kila mwaka una mshindi wake humo. Mwaka 2003 ni mstari mtupu.

Marehemu aliagiza kisa cha mstari huo kisomwe leo. Jana mkewe alinisihi, "Wifi, usisome hilo. Utatuzika pamoja naye." Mimi Wangari, dada yake, naogopa pia. Lakini sitasoma uongo mbele ya jeneza.

Tarehe 14 Juni 2003 alimwongoza farasi wa mwajiri wake kwenda kukaguliwa. Farasi yule alikuwa na miaka mitano. Hakuwa na jino la utoto hata moja. Daktari wa mifugo aliponyoosha mkono amfungue mdomo, Kimani alisema, "Anauma huyu, daktari." Mkono ukarudi, farasi akapitishwa bila kukaguliwa. Mbio zilipoanza, farasi yule akawavuta wadogo kwa kasi wasiyoiweza. Jike mmoja alivunjika mguu kwenye kona, na mpandaji wake, Rashid Omari, akafa palepale. Kimani alinyamaza.

Mwaka 2006 alikuja hapa Guangzhou, China, akafungua ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Sanyuanli. Tarehe 17 Aprili 2010 alifunga ndoa na Jovitha. Hakusaini katoni ambayo hakuifungua. Siku moja Careen, mteja wake wa nguo, alimtania: "Laoban, bosi wangu, ukimaliza katoni utanikagua na meno?" Watu walicheka. Kimani aliketi, jasho likimtoka. Kila tarehe 14 Juni alijifungia chumbani; mkewe alidhani ni homa.

Mwaka 2023 msichana mwenye mzigo kutoka soko la nguo la Shahe alijaza fomu ofisini kwake: Shamsia Rashid Omari.

"Baba yuko wapi, mwanangu?" Kimani aliuliza.

"Alifia Olkeri, mjomba. Alikuwa mpanda farasi."

Tangu siku hiyo, Kimani akisikia sauti ya binti huyo kwenye ngazi, alifunga mlango kwa ndani.

Ini lilianza kumsumbua Agosti 2024. Hakuogopa sindano; aliogopa kufa kabla hajasema. Februari mwaka huu alimwita Shamsia hospitalini, akamweleza yote mbele yangu. Binti hakulia.

"Kumbe ndiyo maana mlango ulikuwa unafungwa," alisema. "Nilidhani hunipendi tu."

Kimani akamwomba msamaha.

"Bado, mjomba. Kwanza watu waambiwe."

Kimani alifariki tarehe 9 Machi 2025, saa kumi alfajiri, akiwa ameshika daftari.

Ameacha mjane, Jovitha. Watoto wawili, Mikaeli na Teddy. Na dada mmoja. Mwili utasafirishwa kesho kwenda Limuru.

Shamsia, nakuona hapo nyuma karibu na mlango. Mwanangu, watu wameambiwa. Apumzike kwa amani, Mungu akiridhia, nawe ukiridhia.