Dada Aliyeficha Kikohozi

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Sketi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa pili kati ya watatu. Mimi ninayesoma wasifu huu ndiye kitinda mimba.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1981. Mwaka uliofuata vita ya wenyewe kwa wenyewe ilifika mtaani kwetu, shule ikafungwa. Kwa miezi saba tulijificha na mama katika shimo chini ya ghala, maji yakitufika vifundoni, askari wakipita juu yetu. Mama alitufundisha kukohoa kimyakimya, mdomo ndani ya nguo. Dada aliugua nimonia mara mbili humo, bila hata kidonge. Shule ilikaa imefungwa hadi mwaka 1989, naye akarudi darasa la pili akiwa na miaka kumi na tano. Mwalimu alidhani amemleta mdogo wake!

Kuanzia mwaka 1995 alishona sare za shule katika chumba cha mbele. Sketi zake hazikufumuka. Mwaka 1997 alifunga ndoa na seremala aliyeitwa kurekebisha meza ya cherehani na, jamani, akairekebisha kwa wiki tatu. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 shemeji aliingia chumbani akakuta cherehani inakimbia, chini ya sindano hamna kitu. Dada ameinama, mtandio mdomoni, anakohoa. Mlio wa cherehani ndio uliokuwa ukimfichia kikohozi.

"Tangu lini, mama watoto?"

"Mafua tu."

Mafua gani ya miaka yote hiyo! Daktari alisema mapafu yalikuwa na makovu ya zile nimonia za utotoni, na kwamba angewahi, wangemsaidia zaidi. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, kaka yetu mkubwa na mimi. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ukuta mmoja. Nilimsikia miaka mingi kabla ya shemeji, nikanyamaza, kwa sababu na dada alikuwa akinisikia mimi. Inaniuma sana.

Mungu ampokee, ampumzishe.

Kaka, najua na wewe unakohoa. Jumatatu twende wote hospitali.