Dola za Jumamosi ya Mchikichi

Sogeeni wanangu. Severa, kaa hapa miguuni, na wewe Beno zima hiyo feni, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki ishindane na kitu. Jana mlidhani nimelala, nikawasikia mkipanga kwamba nikishaondoka mtauza hisa zangu zote, mzilete pesa Dar, mzigeuze shilingi, mgawane mezani kila mtu aone chake, kisha Severa anunue tena dola kwa fungu lake awekeze huko nje. Sikuwakasirikia. Mmepanga kama nilivyopanga mimi zamani, na ndiyo maana nataka mnisikilize.

Miaka ishirini na sita nilitengeneza winchi bandarini, mwajiri wangu kampuni ya kigeni, na kila mwisho wa mwaka walitupa hisa chache za kampuni yao. Mama yenu Candida, Mungu amlaze pema, aliziita karatasi za Heriel. Wenzangu waliwapelekea wake zao friji, mimi nampelekea barua yenye muhuri, lakini alizitunza zote kwenye kopo la biskuti chini ya vitenge vyake.

Nilipostaafu niliuza nusu, nikapata dola elfu kumi na mbili. Dalali wa hisa kule nje akanishauri niziache palepale kwenye akaunti, ninunue hisa nyingine bila kuzigusa. Nikakataa. Kwetu mtu akipata huweka mezani, ndugu waone na waombee, na nilitaka Candida azione kwa macho yake. Nikazileta, nikazigeuza zote shilingi. Tulikuwa bado tunaishi Kariakoo, vile vyumba viwili vya Mtaa wa Mchikichi. Jumamosi hiyo Candida alipika machalari, ndizi zetu za nyama, akatandika kitenge kipya mezani, nikapanga mabunda juu yake, na baba yenu mdogo Theophil akafunga mapema duka lake la vyombo, akaja kutuombea. Candida aliyagusa mabunda moja moja kama anachagua nyanya sokoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Joto lilikuwa kali na maji ya kubeba kwa ndoo, lakini sijapata kuwa na furaha kama ile tena. Hata sasa nikifumba macho namsikia akicheka.

Jumatatu nikampa Theophil shilingi zote akaninunulie dola, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyajua maduka ya kubadilishia fedha, ili nizirudishe nje ninunue hisa. Akarudi na dola elfu kumi na moja mia tano na kitu. Mia nne na ushee hazipo. Akanieleza kwa upole kwamba duka hununua dola kwako kwa bei ya chini, na ukizitaka tena linakuuzia kwa bei ya juu. Mimi daftarini nilikuwa nimeandika bei moja tu, ile niliyouzia, na hesabu yangu niliiamini kuliko ndugu yangu. Nikamwambia mbele ya mama yenu, "Theophil, mwizi hakai kwenye meza yangu." Alikuwa ameshavuta kiti. Akakirudisha mahali pake, akatoka.

Mwaka uliofuata nikaenda dukani mwenyewe, nikauona ubao wa bei, safu mbili, kununua na kuuza. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti, ikatoka mia nne na ushee ileile. Kutoka pale hadi kwa Theophil ni mitaa miwili. Nikafika kona, nikamwona anamfungia mteja sufuria kwa kamba, nikageuza. Niliona aibu, wanangu, na aibu hiyo nimekaa nayo miaka minane. Siku tunamzika mama yenu alisimama nyuma kabisa, nikajifanya sikumwona.

Basi sikieni. Hisa mkiziuza, dola zibaki dola. Gawaneni kulekule kwa dalali, kila mmoja kwa jina lake, na anayetaka kuwekeza awekeze kutoka hapohapo. Zikibidi kuja Bongo, zifikie kwenye akaunti ya dola benki, mgeuze zile tu mtakazokula au kulipia ada za wajukuu. Severa, kabla ya kila hatua uliza makato yake, wakuandikie. Kihamba, lile shamba la ukoo kijijini, ni cha Beno, na makaburi yaliyomo asiyauze. Ile meza ya Mchikichi... nipe maji kidogo... ile meza apewe Theophil.

Na msije mkamhukumu ndugu yenu kwa hesabu kabla hamjamsikiliza. Mnaweza kugombana, ila mlale mmeshasameheana, maana mimi nilisema kesho, na kesho, mpaka leo. Mungu awalinde, awape kazi isiyowaaibisha, na nyumba zenu... zisikose kicheko cha mama yenu.

Severa, ulisema baba yenu mdogo amefunga duka anakuja. Hicho si kikohozi chake ngazini? Beno, nyanyuka, mpishe hicho kiti. Hapana, kisogeze karibu, sauti inaniishia.

Kaa, mdogo wangu. Kaa kwanza. Bei zilikuwa mbili, Theophil... mimi nilisoma moja.