Mkono Uliomtangulia Mwalimu Rutayisire

Baba Padri, wakwe zetu, majirani wa Gatsata, walimu na wanafunzi, tunawashukuru kwa kufika. Mimi ni Eustache, mdogo wake marehemu. Familia imenituma nisome habari za maisha yake, na mjane wake amenionya nisiwachekeshe watu kupita kiasi. Nitajitahidi.

Damascène Rutayisire alizaliwa hapa Kabuga tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Gasana na mama Mukankusi, ambaye tunaye hapa mbele kwa neema ya Mungu. Baba yetu alikuwa dereva wa malori ya njia ya Bukoba. Ndiye aliyeleta Kiswahili nyumbani pamoja na magunia ya chumvi, na ndiyo sababu ninasoma kwa lugha hii.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Kabuga, kisha mwaka 1955 akaingia seminari ndogo, maana wazazi walishajihesabia padri. Mapadri ndio waliogundua mapema kwamba wito wake ulikuwa mwingine. Wenzake wakimaliza kula kuku, yeye alikusanya mifupa ya mabawa, akaiosha na kuipanga upya mezani kutoka begani hadi kwenye ncha. Gombera, mkuu wa seminari, alimwita baba akamwambia kwa upole kwamba kijana ni mwema, lakini anaiangalia sahani kuliko altare. Akaenda kusomea biolojia Butare, akahitimu mwaka 1967.

Mwaka huohuo alianza kufundisha katika shule moja ya sekondari kule Kigali mjini, na hakuihama. Wote mliopita kwake mnaujua ubao wa mifupa. Ulikuwa na mikono ya mbele ya wanyama, kila mmoja kwenye msumari wake: popo, fuko, mbwa, mamba, bawa la kuku, mguu wa mbele wa ng'ombe. Wengine wanarukia, wengine wanachimbia, wengine wanatembelea, lakini yeye alitaka mwone kwamba mpango ni uleule: mfupa mmoja juu, miwili chini yake, vifupa vidogo vya kifundo, halafu vidole. Darasani aliufundisha kwa Kifaransa. Nyumbani alituimbia kwa Kiswahili, "mmoja, miwili, vidogo, vidole," hadi wanangu wakawa wanaruka kamba kwa wimbo huo.

Tarehe 12 Julai 1969 alifunga ndoa na Daphrose, wakakaa Gatsata. Hapa naomba radhi kwa shemeji, lakini lazima niseme habari ya vyura. Ndoa ilikuwa bado mbichi kabisa. Ubaoni ulibaki msumari mmoja, wa chura, na bonde la Nyabugogo lilikuwa palepale chini ya nyumba. Bwana harusi akashuka, akarudi na beseni zima. Msomi huyu, aliyejua kila kidole cha chura, alikuwa amesahau kwamba mke wake ni Mwega, na kwamba kwa ukoo wa Abega chura ni mnyama wao wa heshima, haguswi wala hauawi. Daphrose alirudi kutoka sokoni akawakuta vyura kwenye beseni lake la kufulia. Alilibeba beseni mpaka bondeni, akawaachia mmoja mmoja, kisha akaenda zake kwa shangazi yake.

Kaka alikwenda kumfuata na pombe ya ndizi na uso wa mtu aliyeshtakiwa. Wakwe walimsikiliza bila kucheka, jambo ambalo najua liliwagharimu. Akaahidi kwamba chura hatakaa ubaoni maisha yake yote, na hakukaa. Ule msumari uliobaki mtupu akaupatia kazi nyingine. Kila mwaka alimwita mwanafunzi mmoja mmoja, akamwambia ainue mkono wake mwenyewe na kuuweka pale, kati ya popo na ng'ombe. Wengi mmetuambia wiki hii kwamba hamkuisahau siku hiyo. Mungu aliwajalia watoto watatu, na ndoa yao ilikuwa ya furaha, nimeishuhudia.

Mwanzoni mwa 1991 mkono wake wa kulia ulianza kuuma. Alisingizia chaki. Ilipofika Agosti madaktari walisema ni saratani ya mfupa wa juu na mkono ukatwe begani. Aliomba apewe siku chache kwanza. Kwenye ukuta wa nyuma wa darasa alikuwa anachora mkono wa mmoja wa mijusi wakubwa wa kale, waliotoweka kabla mtu hajakuwepo duniani, wale ambao mifupa yao ilichimbuliwa kusini mwa Tanzania. Mkono wenyewe ulianzia dirishani ukaishia karibu na mlango. Aliumaliza kwa mkono wake wa kulia, akaenda hospitali.

Ugomvi ulikuja pale wodini. Mkono uliokatwa hukabidhiwa familia, na kaka alikuwa ameshaamua: mifupa isafishwe, itundikwe kwenye ule msumari. Aliona Mungu mwenyewe amempa kifaa cha kufundishia. Mama aliposikia, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akakataa katakata.

"Damaseni, mimi nilikuzaa na mikono mbili," alisema. "Kwa Mungu utarudi nayo yote mbili."

Kaka alijaribu kumweleza habari za watoto na masomo. Mama akaanza kulia, na kaka naye akageukia ukutani. Nilitoka nje kwa sababu sikujua nimuunge mkono nani. Niliporudi, Daphrose ndiye aliyekuwa anasema, taratibu, huku anamfuta kaka jasho.

"Ile ya chura uliacha sababu ya watu wangu. Na hii ni ya kwako. Acha sababu ya mama."

Jua lilipoanza kushuka kaka aliniita, akaniambia nichukue mkono niulete Kabuga niuzike kando ya baba. Nilichimba mwenyewe, na mama akaweka jiwe. Kaka alipopona alikuja kuliona, akacheka akasema amekosa mazishi yake mwenyewe.

Tunamshukuru Mungu kwa miaka miwili aliyotuongezea baada ya hapo. Alirudi darasani, akaandika kwa kushoto herufi zilizolala kama walevi, na wanafunzi waliendelea kuweka mikono yao kwenye msumari ule. Ugonjwa ulirudi kifuani Septemba mwaka huu. Aliyemuuguza zaidi ni Akimana, mwanafunzi wake wa zamani, leo ni muuguzi. Jioni ya mwisho alimshika kaka kiganja cha kushoto, akambonyeza kutoka begani kushuka chini, akimtajia: mmoja, miwili, vidogo, vidole. Kaka alitikisa kichwa kukubali kwamba jibu ni sahihi. Alifariki Jumatano tarehe 17 Novemba 1993, nyumbani Gatsata, mke wake akiwa pembeni yake.

Ameacha mama yake Mukankusi. Mjane wake Daphrose. Watoto wao Achille, Ishimwe na Kamikazi. Mimi mdogo wake. Na wanafunzi wengi, pamoja na wale walioko kaskazini ambao vita imewazuia kufika. Aliagiza kwamba msumari ule ubaki mtupu. Anayemkumbuka apite shuleni, aweke mkono wake pale.

Asubuhi ya leo, tulipochimba, tulilipanua kaburi mpaka kwenye lile jiwe dogo. Mama amekuja mwenyewe kuhakikisha. Amenishika bega akasema sasa mtoto wake ametimia.

Kaka, mkono wako ulikutangulia kukutandikia. Lala nao, upumzike kwa amani.