Vifuu vya Garama Sanga

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemrudisha mchangani leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, ni Garama Sanga. Alizaliwa tarehe 14 Februari 1961 huko Ndavaya, Kinango, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Sanga Tsofa na marehemu mama Mbodze. Ulikuwa mwezi wa jua kali. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba maji ya kumwogesha mara ya kwanza yaliletwa na punda, mwendo wa nusu siku.

Aliingia shule ya msingi palepale Ndavaya mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Alipasi. Lakini ukame ulikuwa umewamaliza ng'ombe wa babake, na ile barua ya kumwita sekondari ikachomekwa kwenye makuti ya paa mpaka mchwa wakaila. Tangu hapo Garama hakuvumilia kuona jambo lililoanzwa likiachwa njiani.

Mwaka 1977 alishuka Ukunda, akafundishwa kazi ya spana. Mwaka 1984 aliajiriwa katika hoteli moja ya Diani, akawa mtu wa bomba na jenereta, na alibatizwa Pasaka ya mwaka 1986. Hoteli ilipofungwa mwaka 2012 alirudi nyumbani kwake Bongwe na sanduku la spana na mikono ambayo haikujua kukaa bure.

Tarehe 11 Agosti 1990 alimwoa Dama kwa mila. Siku ya kutoa mahari, Chirau, kakake Dama, alimtania mbele za watu: "Shemeji, umekuja kwa baiskeli ya kuazima. Kanisani je, dada yetu utampakia kwenye keria?"

Watu walicheka. Garama naye alicheka, kisha akasema, "Dada yenu ataingia kanisani akitoka kwenye gari langu mimi."

Mzaha wa Chirau uliisha siku ileile. Neno la Garama halikuisha. Na kwa kuwa ndoa yao haikubarikiwa, Dama hakuweza kupokea Ekaristi. Kila Jumapili wenzake walipokwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi, akikunja magoti pembeni ili watu wapite. Walizaa Mbodze mwaka 1992 na Sanga mwaka 1995, wakawapa majina ya wazazi wa Garama. Watoto nao wakapokea komunyo ya kwanza, wakampita mama yao palepale kwenye benchi. Padre alimwambia Garama zaidi ya mara moja kwamba ndoa haihitaji magurudumu. Garama alijibu kwa adabu, "Nakuomba muda, Padre."

Mwaka 2013 gari lilipatikana. Lilikuwa Reno ndogo ya mwaka 1983, ile iliyouzwa humu nchini kwa jina la Roho. Muuguzi mmoja mstaafu wa Msambweni alikuwa ameliacha chini ya mkorosho, kuku wakitagia kiti cha nyuma, akampa Garama baada ya kutengenezewa kisima. Lilivutwa na trekta hadi Bongwe. Gea yake ilitokeza kwenye dashibodi, ikivutwa na kusukumwa kama mpini wa bomba la maji, na Garama alipoishika alitabasamu kama mtu aliyekutana na mwenziwe wa kazi.

Chumvi ya bahari ilikuwa imelila gari lile. Alikata mabati yaliyooza, akachomelea mengine, akayapiga msasa na rangi. Akimaliza mlango, sakafu imetoboka. Akimaliza sakafu, kutu imerudi mlangoni. Miaka ilikwenda hivyo. Wanajumuiya wa kanisa letu wanakumbuka jioni moja, maombi yalipofika zamu yake, akasimama akasema, "Naomba mniombee. Roho yangu imekataa kuwaka tangu Machi." Mama Philister, aliyekuwa mgeni kutoka bara, alimwombea kwa machozi robo saa nzima, arudi kundini. Walipomweleza kwamba ni gari, alisema, "Basi Mungu achague mwenyewe ni ipi." Garama alilipenda jibu lile, akawa analirudia.

Mwaka 2017 aliambiwa ana presha ya macho. Alikuwa akiona katikati tu, kama anayechungulia kwenye bomba. Hapo ndipo alipoanza mpango wa vifuu. Kila alipofungua kipande cha gari, bolti na nati zake alizitia katika kifuu kimoja cha nazi, na vifuu akavipanga juu ya meza ndefu katika kibanda alimolitengenezea gari, kuanzia taa za mbele hadi mlango wa nyuma. Vilikuwa hamsini na vinane. Hakuandika popote. Alisema macho yakizima, vidole vitajua njia.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 bodi ilikuwa imepakwa rangi nyeupe na injini imefanyiwa kazi. Ilibaki kufunga tu. Garama alikwenda mwenyewe kwa Padre, na arusi ikapangiwa Jumamosi tarehe 24 Agosti. Dama alinunua kitambaa.

Ijumaa tarehe 12 Aprili mwaka ule, jumuiya ilikuwa ije kwa Dama kusali Njia ya Msalaba. Garama alikuwa kliniki ya macho. Dama aliona mvua inatishia, akaamua watu wakae kibandani. Alifagia, akapangusa gari, akatandika kitambaa cheupe juu ya ile meza ili msalaba ukae. Vile vyuma vyote alivimimina kwenye ndoo moja, akaifunika vizuri isiingie maji. Vifuu alivitia jikoni, maana vifuu huwaka vizuri, na chai ya watu arobaini si haba. Alifanya yote hayo kwa moyo safi, akiimba.

Garama alirudi wageni wakiwa wameondoka. Alipapasa meza kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mama Mbodze, vifuu viko wapi?"

"Nimepikia chai."

Alikaa kwenye kigogo. Baadaye akauliza, "Watu walikunywa?"

"Walikunywa."

"Basi."

Hakumpigia kelele siku ile wala siku nyingine yoyote, na Dama angeshukuru kama angempigia. Fundi jirani, kijana Shem, alimwambia, "Mzee, bolti ni bolti. Tununue zingine."

"Si bolti, Shem. Ni pahali pake."

Alikaa na ndoo ile akichagua kwa vidole. Nyingine zilifanana kwa kugusa, zikapishana urefu wa punje ya mchele, na iliyolazimishwa iliharibu tundu. Agosti ilifika gari likiwa na mlango mmoja, umekaa upande. Dama alimwambia, "Baba Mbodze, twende kwa tuktuk. Mimi sitaona haya." Chirau naye alikuja, akaketi chini mbele yake.

"Shemeji, mimi nilikuwa nafanya mzaha."

"Najua," Garama alisema. "Mimi sikufanya."

Tarehe 24 ilipita. Mwaka 2021 macho yote mawili yalizima. Hata hivyo kila asubuhi alishikwa mkono hadi kibandani, akakaa na ndoo yake. Mwaka jana aliacha kwenda. Alisema kutu imeanza tena, anaisikia harufu.

Mwezi wa tisa mwaka huu shinikizo la damu lilimwangusha, upande wa kulia ukafa, na ule mkono wa kuchagua ukalala. Alilazwa Msambweni. Siku za mwisho Dama alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba msamaha wa vifuu. Garama alikuwa hawezi tena kusema. Alisogeza vidole vya kushoto juu ya shuka, na Dama hakujua kama ni jibu au anatafuta kitu. Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba, saa moja asubuhi, watu wakijiandaa kwenda misa.

Jumanne Padre alikuja kutoa pole. Alimweleza Dama kwa upole kwamba kizuizi sasa hakipo tena. Akiungama, Jumapili hii, yaani kesho, anaweza kwenda mbele na wenzake. Ni jambo aliloliomba miaka thelathini na mitano. Dama aliuliza, "Na siwezi kumsubiri yeye twende pamoja, Padre?" Padre alimshika mkono.

Marehemu ameacha watoto wawili, Mbodze na Sanga, wajukuu watatu, dada yake Sidi, na shemeji yake Chirau. Amemwacha Dama. Katika daftari la kanisa Dama hakupata kuandikwa mke hata siku moja. Wiki hii ameandikwa mjane.

Bwana ampe Garama pumziko la amani, na amkumbuke pia aliyebaki.