Bahari Sebuleni kwa Papa Hilaire

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Papa Hilaire Bondele, mkuu wa maabara yetu ya maji hapa Kisangani, atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho. Aliingia kazini tarehe 2 Novemba 1988. Hiyo ni miaka thelathini na saba kasoro siku moja, na siku hiyo moja amekataa kuongezewa, ingawa mkurugenzi wetu, Mama Émilie, alimwomba mara mbili.

Wasifu huu ulikuwa umekwisha kuandikwa mwezi wa Agosti. Ulikuwa mfupi na mtulivu, kama mwenyewe. Kisha ikaja Septemba, na kurasa zile zote zikawa hazifai, kwa sababu tuligundua kwamba mtu tuliyekunywa naye chai kila asubuhi ana bahari nyumbani kwake. Ni bahari ya kweli, yenye chumvi, yenye samaki na matumbawe yanayopumua, katika mji ambao hata mtu akifuata mto hadi mwisho wake atasafiri majuma kadhaa kabla ya kuona wimbi. Baadhi yetu bado hatujafunga midomo.

Tuanze na yanayojulikana. Papa Hilaire ni mtoto wa maporomoko. Baba yake na babu yake walitega mitego ya miti kwenye maji makali, na kaka yake mkubwa anaitega hadi leo. Yeye alipelekwa shule. Mwaka 1988 alianza hapa kwa kuosha chupa, akaosha miaka mitatu, na inasemekana hakuvunja hata moja. Baadaye akawa mpimaji, kisha msimamizi wa wapimaji, na tangu mwaka 2004 mkuu wa maabara. Kisima kikichimbwa popote, kuanzia Lubunga ng'ambo ya mto hadi Mangobo, watu hawakuyaamini maji yake mpaka Papa Hilaire ayanuse.

Kunusa huko kulimletea matatizo. Kwenye harusi ya mwenzetu Berthe, aliinua glasi ya maji, akainusa, akatoa mfukoni kichupa cha kupimia, akatikisa, akasubiri rangi ibadilike, huku ukoo mzima wa bwana harusi ukimtazama. Mjomba mmoja alisimama akiuliza kama wameitwa wachawi. Rangi ilipotoka nzuri, Papa Hilaire alikunywa glasi nzima na kuomba nyingine, na ndoa ikaendelea.

Mwaka 2011 alichaguliwa kwenda mafunzoni Muanda, mahali ambapo nchi yetu inagusa Atlantiki. Alikuwa hajawahi kuona bahari. Alishona suruali mpya na kununua daftari la kuandikia atakayoyaona. Siku tatu kabla ya ndege, kipindupindu kilishuka na mto. Alirudisha tiketi mwenyewe, bila kuombwa, akakaa majuma tisa akitia dawa ya klorini katika mapipa ya mitaani. Ndipo ilipozaliwa sheria iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa maabara: PIPA LISILALE BILA DAWA. Mtumishi akikuta maji yaliyotulia ndani ya chombo chochote, popote, asiondoke kabla ya kuyatia dawa. Tumefundishwa hivyo hadi mikono yetu inafanya bila kutuuliza. Mimi, ambaye vita vilinitoa Uvira na kunileta huku nikiwa na mfuko mmoja, nimetia dawa hata ndoo ya msikitini. Wa kwanza kuishika sheria hiyo alikuwa Ruffin, aliyekuwa mwanafunzi wa mazoezi mwaka ule, na ambaye kuanzia Jumatatu ndiye mkuu mpya wa maabara.

Sasa Septemba. Papa Hilaire alikwenda Yangambi kwa majuma mawili, kupima visima vya kituo cha utafiti wa kilimo. Ni mjane, na watoto wake wako Kinshasa. Alimwachia Ruffin ufunguo wa nyumba yake ya Kabondo, pamoja na karatasi ndogo: awalishe samaki mara moja kwa siku, na maji yakishuka chini ya alama aongeze kutoka pipa la buluu. Ruffin alidhani ni beseni lenye kambale wawili wa kungojea Krismasi.

Saa mbili asubuhi ya siku ya kwanza simu yangu ililia; alikuwa Ruffin. "Papa Rashidi, mukuye mbio! Chefu iko na bahari mu salon!"

Tulikwenda watu wanne, tukiamini Ruffin ana homa. Mlango ulipofunguliwa hakuna aliyevuka kizingiti. Ukuta mzima wa sebule ulikuwa mwanga wa buluu. Ndani ya kioo chenye urefu wa mtu aliyelala mlikuwa na mchanga mweupe, mawe yenye mapango, na juu ya mawe vitu laini vya kijani na zambarau vilivyopepea kana kwamba upepo ulikuwa ndani ya maji. Samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, walituangalia na kurudi kwenye shughuli zao. Berthe alivua viatu bila kujua kwa nini.

"Hii inakuliwaka?" aliuliza hatimaye.

"Hapana, maman," Ruffin akajibu kwa sauti ya chini. "Hii inaangaliwaka."

"Miaka yote tunakula naye liboke ya samaki mu kantini, kumbe kule nyumbani iko na samaki ya kuangalia!" Berthe akapaza sauti.

Juu ya meza kulikuwa na daftari, lile lile la Muanda. Kwa kuwa kazi yangu ni kutunza kumbukumbu, baadaye nililisoma, na mwenyewe ameniruhusu kuyaeleza yaliyomo. Alianza Februari 2021. Kioo, lita mia tatu. Paa la nyumba likawekewa vibao vya umeme wa jua na sebule betri mbili, kwa sababu pampu ikinyamaza saa chache, bahari inakufa. Chumvi ilitoka Kinshasa katika mifuko, chumvi maalumu yenye madini yote ya bahari. Ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba ya jikoni haifai kabisa. Gramu thelathini na tano kwa kila lita ya maji yaliyochujwa mpaka yakabaki maji matupu, yakikorogwa siku nzima kabla ya kumiminwa.

Halafu alisubiri. Kwa majuma kumi na moja hapakuwa na kiumbe cha kuonekana, ila mawe na maji tu, na kila jioni alipima amonia ikipanda, kisha ikishuka, wakati vijidudu visivyoonekana vikijifunza kula uchafu. Mtu aliyeua vijidudu maisha yake yote alikuwa amekaa kwenye kiti akivingojea vizaliane. Samaki walikuja juma la kumi na mbili. Matumbawe ya kwanza yalikuja mwaka uliofuata, vipande vitano vidogo vilivyokuzwa katika matangi, kila kimoja na mfuko wake wa maji, ndani ya sanduku jeupe lililoletwa na ndege. Aliyevituma, kama alivyotuma chumvi na samaki, ni Djamila, ambaye alipita kwetu kwa mafunzo na sasa anafanya kazi kwa mfugaji wa samaki wa mapambo huko Kinshasa. Djamila alijua miaka minne na hakutuambia. Naye tumemwandikia barua.

Joto la mji wetu ndilo lililompa taabu zaidi. Aliweka feni mbili zipulize juu ya maji ili yapoe, na feni zikawa zinayakausha, lita tano kwa siku. Ukurasa wa arobaini unaeleza jambo ambalo hata sisi watu wa maji hatukuwa tumelifikiria: maji yanapanda hewani lakini chumvi inabaki, kwa hiyo anayerudishia bahari kiasi kilichopungua anarudisha maji matamu, safi, yasiyo na kitu chochote ndani. Ndiyo maana ya pipa la buluu.

Siku ya tano, maji yalikuwa yameshuka chini ya alama. Ruffin alifungua pipa la buluu, akanusa. Hakuna harufu. Alinusa tena. Maji ya mkuu wa maabara, yamelala bila dawa! Alifikiri mzee wa watu, kwa haraka ya safari, ameisahau sheria yake mwenyewe, na akaona aibu kwa niaba yake. Akatia dawa. Kwa heshima akatia dozi ya mwaka wa kipindupindu. Akasubiri nusu saa kama inavyotakiwa, kisha akamimina lita ishirini na tano baharini, akafunga mlango, akaja kazini akiimba.

Mchana alirudi kuwalisha samaki. Matumbawe yote yalikuwa yamefumba, yamenywea kama ngumi za mtoto. Samaki mmoja alikuwa juu ya maji akihema. Mwingine alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga.

Nilikuwa karibu naye Ruffin alipompata Papa Hilaire kwa simu huko Yangambi. Alieleza kwa maneno yaliyokatika. Papa Hilaire aliuliza swali moja tu.

"Ruffin. Uliweka dawa?"

"Ndiyo, chefu. Sawa vile ulitufundisha."

Miaka minne na nusu ya maisha ya mtu ilikuwa ndani ya kioo kile ikifumba jicho moja moja, na mwenyewe alikuwa mbali, karibu kilomita mia moja kwenye mto. Tungemwelewa kama angelia, au angetukana. Alisema: "Bon. Tafuta Berthe. Ile unga ya chupa za mikrobi."

Msomaji asiye wa maabara ajue hivi: chupa tunazochotea maji ya kupima vijidudu huwekwa unga kidogo wa chumvi nyeupe unaoua klorini, ili dawa isiendelee kuua vijidudu njiani na kutudanganya. Unga huo tunao. Mama Émilie alisaini karatasi ya kuutoa bila kukaa. Berthe alipanda toleka, kopo kifuani, akimpigia mwendesha baiskeli makelele: "Nyonga, ndeko, nyonga! Bahari inakufa!" Kijana yule wa toleka anasema hadi leo hajapata abiria mwingine wa namna hiyo.

Tulipima kwa kichupa kile kile cha harusini. Rangi ilitoka ya waridi iliyokolea. Berthe alipiga hesabu mara tatu, akayeyusha unga, akamimina polepole mbele ya pampu. Tukapima: waridi hafifu. Akamimina tena. Maji ya kichupa yakawa meupe kabisa. Klorini ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeshangilia, maana ndani ya kioo kila kitu kilibaki kimefumba.

Papa Hilaire alifika kesho yake alasiri kwa mtumbwi wa injini, udongo wa bandarini ukiwa bado kwenye suruali. Ruffin alikuwa amesimama sebuleni tangu alfajiri, hajala. Mzee alipita mbele yake, akapiga magoti kwenye kioo. Samaki mmoja alikuwa amekufa. Kati ya vipande ishirini na viwili vya matumbawe, tisa vilikuwa vimegeuka uji. Alivihesabu kwa kidole, akaviandika kwenye daftari, kimoja kimoja. Ndipo alipogeuka.

"Donc, kumbe mulikuwaka munanisikia," alisema. Na mabega yake yakaanza kutikisika, na tulichukua muda kutambua kwamba anacheka. "Miaka kumi na ine najiuliza kama hawa watu wananisikiaka!"

Ruffin ndiye aliyelia.

Siku ya nane tumbawe la kwanza lilifumbua kidole kimoja cha kijani. Siku ya ishirini na moja yalikuwa yamefumbua yote yaliyosalia, kumi na matatu. Djamila ametuma samaki wa pili. Kila Jumapili baada ya misa au baada ya usingizi wa mchana, kila mtu na desturi yake, sebule ya Kabondo sasa imejaa wageni, akiwemo kaka mvuvi wa Papa Hilaire, ambaye alitazama nusu saa nzima na kuuliza mtego unatoshea wapi.

Mzee huyu ametuachia maabara yenye vifaa vinavyofanya kazi, wapimaji kumi na wanne aliowafundisha, na mji ambao tangu 2011 umejifunza kunusa maji yake kabla ya kunywa. Kwa hayo yote, na kwa subira yake, watumishi wote tunasema asante.

Zawadi ya kustaafu tuliibishania sana. Saa ya ukutani ilikataliwa siku ya kwanza. Mwisho tulimpa tiketi ile aliyoirudisha, ya kwenda Muanda, safari hii akiwa na siku kumi na mbili. Aliishika, akafurahi, kisha uso ukabadilika. Sote tulijua anafikiri nini: feni, lita tano kwa siku, ufunguo. Hata Mama Émilie aliangalia sakafu.

Papa Hilaire aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa Kabondo, akampa Ruffin.

Anaondoka Jumatatu tarehe 3 Novemba. Jana nilipita kwake kuhakikisha tarehe za wasifu huu, nikaliona pipa la buluu. Limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, kwa mkono ule ule ulioandika juu ya mlango wetu: RUFFIN, HII UACHE ILALE.

Nenda salama, papa. Ukifika ufukweni, onja kwanza, halafu utuandikie kama ulipatia kipimo cha chumvi. Tunakuombea siku nyingi, tulivu na safi, na kila utakaporudi nyumbani ukute yote yamefumbua.

Rashidi Assani, mtunza kumbukumbu